Je, Kusi Humeza Sauti? Shajara ya Vipimo katika Nyumba ya Mawe, Lamu

12 Januari

Mradi huu umeanza kwa ubishi. Ami, aliyesikiliza taarab katika nyumba hii tangu kabla sijazaliwa, anashikilia kwamba muziki husikika vyema wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini wa miezi ya joto, na kwamba ikiingia kusi, upepo wa kusini unaokuja na unyevu, sauti humezwa: udi, ile ala ya nyuzi, huwa butu, maneno ya mwimbaji hujificha nyuma ya ngoma, na ukiongeza volyumu huambulii kitu ila mvumo. Nilimjibu kwa haraka ya mtu aliyesoma fizikia sekondari akaisahau nusu, kwamba unyevu wa hewa hauwezi kufanya hayo ndani ya chumba. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Basi pima, mwanangu, kaskazi mpaka kusi, kisha ndipo ubishe." Daftari hili nililinunua jioni ile ile.

Chumba chenyewe ni msana wa tini, yaani ukumbi mrefu mwembamba wa chini, ambao babu aliufunga kwa milango miwili mipana ya mbao inayotazama kiwanda, ua wa ndani ya nyumba. Una urefu wa mita 8.1 na upana wa mita 2.7 tu, kwa kuwa boriti za mikoko haziruhusu zaidi. Mafundi wa kale waliujenga mji huu kwa kipimo cha mti. Kuta ni za matumbawe na chokaa, zenye unene unaokaribia nusu mita, na ukuta mmoja una zidaka, vishubaka vya ukutani, ambamo kaseti za harusi na za mashindano ya waimbaji zimepangwa kwa miaka mingi. Spika mbili zimewekwa kwenye ukuta mfupi, zikiwa na koni za karatasi na ukingo wa sponji. Zinaendeshwa na amplifaya ya zamani iliyounganishwa na deki ya kaseti. Kiti cha Ami kiko mita 2.7 kutoka kwenye ukuta wa spika, kikiegemea ukuta mrefu unaokabili milango. Umbali huo niliuandika bila kujua kwamba ungekuja kuwa na maana.

Kwa upimaji nitatumia kompyuta mpakato, programu ya Room EQ Wizard inayopatikana bila malipo, na maikrofoni ya kupimia iliyokuja na faili yake ya masahihisho. Programu hupiga mlio unaopanda kutoka hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) hadi hezi 20,000, kisha huchora chumba kimeutendeaje. Tatizo la kwanza lilikuwa mahali pa kuweka maikrofoni. Wimbi la sauti la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, kwa hiyo kuisogeza maikrofoni upana wa kidole kunatosha kubadili kipimo, na mtu anayelinganisha miezi minne kwa kukisia mahali atakuwa anapima mkono wake mwenyewe. Nimefunga timazi kwenye boriti juu ya kiti, na maikrofoni itakaa chini ya ncha yake kila mara.

15 Januari

Vipimaunyevu viwili vya bei nafuu nilivyonunua havikubaliani: kimoja kinasema asilimia 66, kingine 73, vikiwa juu ya meza moja. Asilimia hiyo ni kiasi cha mvuke uliomo hewani kikilinganishwa na kiasi ambacho hewa ya joto lile lile ingeweza kubeba, na ndiyo sababu huwa juu alfajiri na kushuka adhuhuri hata kama hakuna tone la maji lililoongezeka wala kupungua.

Njia ya kuvisahihisha iko jikoni. Chumvi ya kawaida ikiloweshwa kidogo hadi iwe kama uji mzito, kisha ikafungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, huifanya hewa ya chombo hicho itulie kwenye asilimia 75, na joto la kawaida la nyumbani halibadilishi sana kiwango hicho. Niliweka kifuniko cha chupa chenye chumvi pamoja na vipimo vyote viwili ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, nikaviacha usiku kucha. Asubuhi kimoja kilisoma 71 na kingine 78. Basi cha kwanza nitakiongezea nne, na cha pili nitakipunguzia tatu.

Kuna jambo hapa linalostahili kuandikwa kwa sababu nahisi litarudi. Idadi hiyo ya 75 ndiyo pia mpaka ambao ukivukwa chumvi iliyo wazi huanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka iyeyuke. Kila mpishi wa pwani anaijua bila hesabu, kwani ndiyo sababu hutia punje za mchele kwenye kopo la chumvi ikiingia kusi.

4 Februari

Kaskazi imeshika. Saa kumi alasiri joto la msana ni nyuzi 31 na unyevu, baada ya masahihisho, ni asilimia 69. Milango yote miwili iko wazi kama ilivyo desturi ya msimu huu, na pangaboi nimelizima kwa dakika za kupima tu, kwa kuwa mapezi yake hulitikisa wimbi la sauti nyembamba na kuufanya mchoro ucheze. Nimepima mara tano, na michoro inalaliana vizuri.

Jioni nimefanya hesabu ambazo ningepaswa kuzifanya kabla ya kubishana na mzee. Ni kweli kwamba hewa hula sauti, na hula zaidi sauti nyembamba. Majedwali ya viwango vya kimataifa vya ISO 9613 yanaonyesha kwamba kwa hezi 8,000, hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 hupunguza desibeli 59 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa kila kilomita. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 20, yaani baridi kavu ambayo sisi hatuijui, hupunguza takriban desibeli 202. Kwa hiyo hewa kavu ndiyo inayomeza sauti hizo kwa pupa. Hewa yetu yenye unyevu huziachia zipite. Dai la Ami limekuwa kinyume cha fizikia. Isitoshe, kati ya spika na kiti chake hakuna kilomita. Kwa umbali wa mita tatu upotevu ni chini ya sehemu mbili za kumi za desibeli moja, kiasi ambacho hakuna sikio la kukigundua. Katika uwanja mkubwa, au msikitini kwenye kipaza sauti kinachosikika ng'ambo ya pili ya mji, jambo hili lina uzito, msanani halina.

Kasi ya sauti nayo hubadilika, lakini kwa kiasi kidogo vilevile. Kwa nyuzi 31 inakaribia mita 350 kwa sekunde. Kwa nyuzi 26 za kusi itakuwa mita 347 au zaidi kidogo, na mvuke huongeza kasi kwa chini ya asilimia moja. Hakuna udi unaokuwa butu kwa tofauti ya mita tatu.

Nimekwenda kumweleza Ami. Amesikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kusi imekwisha kuingia. Nikasema bado. Akarejea kwenye kahawa yake.

27 Machi

Tanga mbili. Upepo haujui uendako, umeme umekatika mara nyingi wiki hii, na sikupima chochote kinachofaa kuandikwa.

8 Mei

Masika yamejaa. Joto ni nyuzi 27, unyevu asilimia 88, na kwenye ukuta wa zidaka yametokea mabaka meusi ya maji ambayo wakati wa kaskazi hayakuwapo. Ukuta wa matumbawe una chumvi ndani yake, na chumvi hiyo inafanya kazi ile ile iliyofanya kwenye ndoo yangu.

Nimepima chini ya timazi ile ile, na mchoro umebadilika. Sauti nyembamba ziko pale pale zilipokuwa Februari, kwa tofauti isiyozidi makosa ya kupima. Lakini kwenye hezi 65 hivi kumeinuka kilima: Februari besi ya hapo iliizidi jirani yake kwa desibeli tano, sasa imeizidi kwa kumi na moja. Kisha nikaweka kaseti ya Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu, nikaketi kwenye kiti cha Ami. Mzee yuko sahihi. Dumbaki linavuma kama mtu anayepiga mtungi, na nyuzi za udi zimerudi nyuma yake. Ubishi wangu wa miezi minne umeanguka, ijapokuwa hesabu yangu ya hewa bado imesimama, na sasa napaswa kueleza vyote viwili kwa pamoja.

Dhana yangu ya kwanza usiku huu ni karatasi ya spika. Karatasi hunywa unyevu, hivyo koni imekuwa nzito na mtetemo wake umeshuka. Naona inaingia akilini.

10 Mei

Haikuingia akilini, au tuseme iliingia kwa mlango usiofaa. Leo mvua ilipotulia kidogo nilifungua milango ya kiwanda ili nitoe maji yaliyopenya kizingitini, na kwa kuwa kaseti ilikuwa inacheza, mvumo ulipungua papo hapo, kama mtu aliyeondoa mkono kwenye mdomo wa mtungi. Nilifunga, ukarudi. Nilifungua mlango mmoja tu, ukapungua nusu. Nikapima yote matatu, na kilima cha hezi 65 kilitii milango, ilhali unyevu ulikuwa 88 muda wote.

Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba kaskazi tunaishi na milango wazi na masika tunaifunga. Tena hatuifungi tu: mbao zimevimba kwa unyevu hata mlango wa pili haufungiki ila kwa kusukumwa na bega, na ukishafungika hauachi upenyo wa kupitisha karatasi. Msana uliokuwa baraza nusu wakati wa joto umekuwa sanduku lililozibwa.

Na sanduku lenyewe lina kasoro ya kuzaliwa. Wimbi la sauti husimama kati ya kuta mbili pale nusu ya urefu wake inapolingana na umbali wa kuta hizo. Kwa upana wa mita 2.7 na kasi ya mita 349, wimbi hilo ni la hezi 64.6. Kwa urefu wa mita 8.1 wimbi la kwanza ni hezi 21.5, la pili 43, na la tatu, kwa kuwa 8.1 ni mara tatu kamili ya 2.7, ni hezi 64.6 tena. Mawimbi mawili yameangukia sauti moja. Fundi aliyejenga alikuwa akifuata boriti zake na hakuwa na habari ya spika, na katika zama zake msana ulikuwa wazi kwa kiwanda, kwa hiyo hapakuwa na kasoro yoyote. Babu alipotia milango ndipo alipolifunga wimbi ndani. Hata kile kiti kina lawama, kwani wimbi la tatu la urefu hufikia kilele chake kwenye ukuta wa spika na tena kwenye theluthi ya chumba, yaani mita 2.7, mahali hasa Ami anapoketi.

Limebaki swali la udi kuwa butu ilhali mchoro unaonyesha sauti nyembamba hazikupungua. Jibu lake liko sikioni, wala si chumbani. Sauti nzito ikizidi hufunika zile zilizo juu yake, ilhali zile za juu haziifuniki sauti nzito kwa nguvu ile ile. Ami hakupoteza udi, alifunikwa. Na anapoongeza volyumu anakiongeza kifuniko pamoja na kilichofunikwa.

13 Mei

Nimetaka kumjaribu Ami bila yeye kujua, na mlango haufai kwa kazi hiyo kwa sababu ukifunguka upepo humgusa shingoni. Nikafunga milango yote, nikapitisha muziki kwenye kompyuta, nikapunguza desibeli nane kwenye hezi 65 peke yake. Nje mvua, ndani asilimia 87. Aliketi kimya kwa nyimbo mbili, kisha akasema, "Yeo udi wasikika." Nilipomwonyesha kipimaunyevu alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa shahidi wa uongo.

18 Mei

Kwa kuwa niliishaiandika dhana ya karatasi, ni haki niipime kabla ya kuitupa. Fundi redio alinipa koni ya spika iliyoungua, na sonara mmoja akaniruhusu kutumia mizani yake. Baada ya siku mbili ndani ya kopo lenye punje za kukaushia zile zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu na kamera, koni ilikuwa na gramu 6.0. Baada ya siku mbili za hewa ya masika ilikuwa gramu 6.4. Kwa hiyo karatasi hunywa kweli. Lakini kinachotetemeka kwenye spika ni koni pamoja na koili yake na ukingo, na tukikisia jumla yao kuwa gramu 12, nyongeza hiyo hushusha mtetemo wa asili kutoka hezi 60 hadi 59. Haitoshi kumsumbua mtu. Spika zenye koni za plastiki au karatasi iliyopakwa dawa zitakunywa kwa uchache kuliko hapo, au zisinywe kabisa.

6 Julai

Sasa chumvi imerudi, kama nilivyohisi Januari. Spika ya kushoto inakatika na kurejea, na kitufe cha volyumu kinakwaruza kila kikizungushwa. Nikigusa waya nyuma ya amplifaya sauti inaruka.

Fundi alikata maganda ya waya mbele yangu. Shaba iliyokuwa nyekundu ilikuwa imeota kutu ya kijani, na kutu hiyo ilikuwa imepanda ndani ya ganda zaidi ya ncha niliyoiona kwa nje. Alikata kidogo kidogo mpaka akafikia shaba inayong'aa, sentimita nne hivi, kisha akazipaka ncha risasi ili hewa isizifikie tena. Ndani ya amplifaya vumbi lilikuwa limegandamana kama tope. Alieleza kwa lugha yake jambo ninaloweza kulieleza kwa lugha ya ndoo: upepo wa bahari huleta chembe za chumvi zinazotua kila mahali pamoja na vumbi, na maadamu unyevu uko chini ya asilimia 75 ni unga mkavu usio na kazi. Ukivuka hapo, unga huo hugeuka maji ya chumvi juu ya kila kiungo cha shaba, na hapo ndipo kutu hupata chakula. Ni hali hii, kwa maoni yangu, inayoharibu muziki wa nyumba nyingi za pwani, nayo haina uhusiano wowote na hewa iliyo kati ya spika na sikio. Alisafisha viungo kwa spiriti na brashi laini, akaacha kifaa kikauke kwa siku nzima kabla ya kukitia umeme.

Nimemuuliza kama ni vyema kuiacha amplifaya ikiwaka ili ijikaushe. Hesabu inamuunga mkono anayefanya hivyo: hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa 88 ikipashwa hadi nyuzi 32, bila kuondolewa mvuke, unyevu wake hushuka hadi asilimia 66 hivi, chini ya mpaka wa chumvi. Kwa upande wa pili, kapasita za ndani hazipendi joto, na kanuni ya mafundi ni kwamba umri wake hupungua nusu kwa kila nyongeza ya nyuzi kumi. Tumeafikiana kwamba saa moja au mbili kila siku wakati wa kusi zinatosha, pamoja na kitambaa cha pamba juu yake inapokuwa imezimwa na kupoa.

22 Agosti

Kaseti nimezitoa kwenye zidaka. Saba zilikuwa na ukungu mweupe ukingoni mwa tepu, na zote saba zilikuwa kwenye kidaka kile chenye baka la maji. Nimezitenga, kwa sababu ukungu wa moja huchafua kichwa cha deki na kuhamia kwa nyingine. Zilizo salama ziko ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, pamoja na punje za kukaushia na kipimaunyevu kimoja. Leo kinasoma 48. Punje zikigeuka rangi nitazipasha kwenye joko la mikate kwa nyuzi 120, kisha nizirudishe.

Ukingo wa sponji wa spika ya kulia umepasuka nilipougusa kwa kidole. Sponji ya aina hiyo huoza kwa mvuke na joto hata ikiwa haichezwi. Nimeagiza ukingo wa mpira kwa spika zote mbili.

Kuhusu mvumo, watu wawili wamenishauri nitundike godoro ukutani. Wimbi la hezi 65 lina urefu wa mita tano na zaidi, na godoro lenye unene wa shubiri moja ni kama pazia mbele ya ng'ombe. Kilichosaidia ni kusogeza spika. Wimbi la tatu la urefu halina nguvu yoyote kwenye mita 1.35 kutoka ukutani, na nilipozileta spika hapo kilima kilishuka kutoka kumi na moja hadi sita huku milango ikiwa imefungwa. Tatizo ni kwamba sasa ziko katikati ya njia, na mke wa Ami amekwisha kujikwaa mara mbili.

3 Oktoba

Unyevu asilimia 76, nyuzi 27. Ukingo wa mpira umefungwa, na spika zimerudishwa hadi sentimita 90 kutoka ukutani kwa amri ya wenye nyumba; kilima ni desibeli nane. Kiti cha Ami tumekisogeza nusu mita nyuma, naye amekubali baada ya kusikiliza upande mmoja wa kaseti akiwa ameketi ukingoni mwa kiti, tayari kusimama.

Hajakubali kwamba kusi haimezi sauti. Anasema nimempa mlango wa kulaumu badala ya upepo, na kwamba mlango huo haujifungi wenyewe. Ameniamuru nipime tena Januari, spika na kiti vikiwa hapa vilipo. Timazi nimeiacha ikining'inia kwenye boriti. Wageni wakiuliza, huambiwa ni ya fundi mwashi.